Roketi za wanafunzi: saketi ionyeshe kwanza kwamba inajua kukataa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa roketi za wanafunzi ambao wasomaji wenzangu wamekuwa wakiuendeleza katika ukurasa huu. Wapo walioandika kwamba klabu za sayansi za shule zetu zisiliguse kabisa jambo hilo, kwa sababu roketi ni baruti na baruti haina mchezo. Wapo walioandika kinyume chake, kwamba vijana wakiweza kuunda roketi ya hatua mbili, ambayo mota yake ya pili huwashwa angani na saketi iliyomo ndani ya roketi yenyewe, basi waachwe wairushe, kwani kazi yenyewe ni ya kipima muda na betri tu. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tabora, na nimeshughulika na saketi za aina hiyo pamoja na wanafunzi wangu kwa muda wa kutosha kuniwezesha kusema kwamba pande zote mbili zimeliruka jambo lililo kubwa kuliko yote. Kuwasha mota angani ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuijengea saketi uwezo wa kukataa kuwasha pale roketi inapokuwa imepotea njia, na ningependa shule yoyote isiruhusiwe kuigusa mota ya pili kabla saketi yake haijathibitisha mbele ya mashahidi kwamba inajua kukataa.

Niwaeleze kwanza wasomaji wasiolifahamu jambo hili. Mota ya roketi ndogo ya mfano ni bomba la karatasi ngumu lililoshindiliwa fueli kiwandani, lenye tundu jembamba upande wa chini la kutolea gesi ya moto. Juu ya bomba huandikwa alama kama C6-5. Herufi hueleza jumla ya msukumo: C ni zaidi ya nyutoni-sekunde 5 hadi 10, D hufika 20, E hufika 40, na kila herufi inayofuata huongeza kikomo mara mbili. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na ya mwisho ni sekunde ambazo mota husubiri baada ya fueli kuisha kabla ya kulipua chaji ndogo inayosukuma pua ya roketi na kutoa parachuti. Mota iliyoandikwa C6-0 haina kusubiri. Imetengenezwa kwa ajili ya hatua ya chini. Fueli yake, ambayo ni baruti nyeusi, inapokaribia kuisha hutoboka upande wa juu, na gesi pamoja na cheche zake hupenya moja kwa moja katika tundu la mota iliyo juu yake na kuiwasha. Utaratibu huo hauhitaji betri wala kihisi. Mota ya pili huwaka papo hapo ile ya kwanza inapokwisha, roketi ikiwa bado ina kasi kubwa na mapezi yake yakiwa bado yanaishikilia katika mwelekeo wake.

Elektroniki huhitajika pale fueli inapokuwa ya aina nyingine. Mota kubwa zaidi hutumia mchanganyiko wa perkloreti ya amoniamu uliofungwa ndani ya mpira mgumu, nao hauwashwi kwa cheche zinazopita. Kiwashio lazima kipenyezwe kupitia tundu la chini hadi mwisho wa juu wa mfereji ulio katikati ya fueli, kiwake kwa joto kali, na shinikizo lipande ndani ya mota ndipo moto ushike sawasawa. Vilevile elektroniki huhitajika pale mrushaji anapotaka roketi ijiendee bila msukumo kwa sekunde kadhaa kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Faida yake ipo: ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mota ya pili ikiwaka baada ya kasi kupungua, sehemu ndogo zaidi ya nguvu yake hupotea katika kupasua hewa, na roketi hufika juu zaidi. Lakini kadiri kasi inavyopungua ndivyo mapezi yanavyopoteza uwezo wa kuinyoosha roketi, na ndivyo roketi inavyozidi kuinama. Sekunde zinazoongeza mwinuko ndizo hizo hizo zinazoongeza hatari.

Haya si mambo ya mbali na sisi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa baharini karibu na Malindi, Kenya, wataalamu wa Italia walirusha roketi ya Marekani iitwayo Scout, iliyobeba setilaiti ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha kupata uhuru wake, setilaiti hiyo ikapewa jina la Uhuru. Scout ilikuwa na hatua nne, zote za fueli yabisi. Ya kwanza tu ndiyo iliyowashwa ikiwa jukwaani. Tatu zilizobaki ziliwashwa angani kwa amri ya vifaa vilivyokuwa ndani ya roketi, na ya nne, ambayo haikuwa na usukani wake yenyewe, ilizungushwa kwanza kwa kasi ili isiyumbe. Wanafunzi wangu huisikia habari hii kwa mshangao, maana wengi hudhani kwamba roketi zimekuwa zikiondoka Marekani na Urusi tu. Mimi huwaonyesha zaidi jambo lililotangulia kuwasha, yaani kupima: jairoskopu, yaani vifaa vya kupima kugeuka, zilifuatilia mwelekeo wa roketi ile tangu ilipokuwa jukwaani.

Wapenzi wa roketi ndogo huko Marekani, ambako mchezo huu ulianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950, walichukua muda mrefu kabla ya kufikia desturi hiyo. Baadhi yao walitumia swichi ya zebaki, yaani tone la zebaki ndani ya kichupa cha kioo chenye ncha mbili za waya upande wa mbele. Roketi inapopaa, mchapuko, yaani kuongezeka kwa kasi yake, huibana zebaki nyuma. Fueli inapoisha na hewa kuanza kuipunguzia roketi kasi, zebaki husogea mbele, huziunganisha ncha mbili za waya, na mota ya pili huwaka. Ni ubunifu wa kupendeza, nami sitaki kuudharau. Ila zebaki hiyo husogea mbele pia pale mtu anapoinamisha roketi mkononi akiipeleka uwanjani, na ikiwa betri imeunganishwa, mota huwaka mbele ya uso wake. Swichi ile haikuwa na namna yoyote ya kutofautisha kuruka na kuinamishwa.

Kipima muda kinachopendekezwa na baadhi ya wasomaji ni afadhali kuliko zebaki, lakini kina kasoro ya jamii hiyo hiyo. Tuseme kimewekwa kiwashe sekunde 3 baada ya roketi kuondoka. Mota ya kwanza ikishika vibaya, roketi ikapanda mita 20 na kuanza kuanguka, sekunde ya 3 itafika vilevile. Fimbo ya kurushia ikiinamishwa na upepo, roketi ikaondoka mshazari kuelekea barabarani, sekunde ya 3 itafika vilevile, na mota ya pili itaisukuma huko huko inakoelekea. Roketi iliyoinama nyuzi 30 kutoka wima hupeleka nusu ya msukumo wake pembeni. Iliyolala kabisa hupeleka wote. Mota ya kwanza ikikosea peke yake, roketi huanguka karibu na mrushaji, ambaye anajua anachokifanya na amejiandaa. Mota ya pili ikiwaka wakati usiofaa huifikisha roketi kwa watu ambao hawakujua hata kwamba kuna roketi inayorushwa siku hiyo.

Saketi inayostahili kuaminiwa, kwa hiyo, hutafuta kwanza sababu za kutowasha. Jambo la kwanza ni kujua kama roketi imeondoka kweli. Kihisi cha mchapuko huliamua hilo, lakini kwa sharti kwamba kisitazame ukubwa wa mshtuko peke yake. Saketi iliyodondoka kutoka mezani inaweza kupata mshtuko wa makumi ya g (g moja ni mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa uvutano wa dunia), ila mshtuko huo hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, ilhali mota ya kawaida husukuma kwa sekunde moja au zaidi. Muda ndio unaotofautisha. Nimewahi kusafiri na saketi ya namna hiyo katika treni ya Reli ya Kati kutoka hapa kwenda Kigoma, ikiwa na taa ndogo ya LED mahali pa kiwashio, bila mota wala baruti ya aina yoyote, na kumbukumbu yake ilionyesha mishtuko mingi ya mabehewa, lakini hakuna hata mmoja uliodumu kiasi cha kuidanganya. Safari hiyo ilikuwa na faida nyingine. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ufuo wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770, na kipimahewa, yaani kihisi cha shinikizo la hewa, kilichomo ndani ya saketi kiliuandika mteremko huo wote hadi Kigoma. Mwalimu atakayeweza kuwasafirisha wanafunzi wake kwa njia hiyo atakuwa amewapa maabara yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400.

Kipimahewa hicho ndicho kinachojibu jambo la pili, yaani kama roketi imefika mwinuko uliotarajiwa. Shinikizo la hewa hupungua kadiri tunavyopanda: pwani hupungua hektopaskali 1 kwa kila mita 8 na kidogo, na hapa Tabora, ambako hewa ni nyepesi zaidi, kwa kila mita 10 hivi. Mwanafunzi hukokotoa kwanza, kwa kutumia uzito wa roketi na msukumo wa mota, kwamba katika sekunde ya 3 roketi inapaswa kuwa imefika, tuseme, mita 150. Kisha huiagiza saketi kwamba wakati huo ukifika na mwinuko haujafika mita 120, isiwashe. Sharti hilo moja, ambalo katika programu ni mistari michache tu, huzuia sehemu kubwa ya ajali zinazotokana na mota ya kwanza kushindwa. Linahitaji tu kwamba chumba cha saketi kitobolewe matundu madogo ubavuni, mbali na pua na mbali na mapezi, ili shinikizo la ndani lifuate la nje. Bila matundu hayo kihisi hupima hewa iliyofungiwa humo tangu uwanjani.

Jambo la tatu ndilo gumu, nami nawaomba walimu wenzangu walitumie darasani hata kama hawana nia ya kurusha chochote. Roketi inaelekea wapi? Wanafunzi wengi hujibu haraka kwamba kihisi cha mchapuko kinatosha, kwa kuwa simu hutumia kihisi hicho hicho kujua kama imelazwa au imesimamishwa. Simu inajua kwa sababu imeshikwa, na mkono unaizuia isianguke. Roketi iliyokwisha fueli haishikwi na kitu. Imo katika kuanguka huru hata inapokuwa bado inapanda, na kihisi chake hakihisi uzito, kama vile embe lisivyohisi uzito wake tangu linapokatika kikonyo hadi linapogonga ardhi. Kinachobaki cha kusomwa ni ukinzani wa hewa peke yake, na ukinzani huo hauelezi chochote kuhusu wapi ni juu na wapi ni chini. Nimeona wanafunzi wenye alama nzuri za mtihani wakilibishia jambo hili kwa nguvu zote, kisha wakaidondosha saketi juu ya godoro, wakaisoma kumbukumbu yake na kukuta kwamba kwa muda wote wa kuanguka kihisi kiliandika karibu sifuri. Baada ya hapo hawakuhitaji kuelezwa tena maana ya kuanguka huru, na sijapata jaribio jingine la bei ndogo kiasi hicho linalofundisha kwa uthabiti kiasi hicho.

Mwelekeo, basi, lazima upimwe kwa jairoskopu, yaani kihisi cha kasi ya kugeuka, na saketi ijumlishe migeuko yote tangu roketi iliposimama wima kwenye fimbo yake. Vihisi vya bei nafuu vina hitilafu inayojilimbikiza kadiri muda unavyopita, lakini safari ya roketi ndogo hadi kufikia kuwasha hatua ya pili ni ya sekunde chache, na hitilafu hiyo haifiki mbali iwapo saketi ilisoma sifuri yake ikiwa imetulia uwanjani. Kikomo cha nyuzi 20 kutoka wima, kwa maoni yangu, kinafaa kwa shule; hata katika nyuzi hizo theluthi moja ya msukumo huwa tayari inakwenda pembeni. Na kihisi kikishindwa kusoma, kwa mfano roketi ikijizungusha kwa kasi inayopita kikomo chake, ambacho kwa vihisi vingi vya kawaida ni nyuzi 2,000 kwa sekunde, saketi isikisie. Ikatae.

Kukataa huko kuwe kwa kudumu. Saketi ambayo haikuridhika wakati uliopangwa haipaswi kuendelea kusubiri hali iwe nzuri. Inapaswa kuifunga njia ya kiwashio hadi izimwe kwa mkono, kwa sababu roketi iliyorudi chini ikiwa na mota isiyowaka na saketi inayosubiri ni hatari kwa yule anayekimbia kuiokota, naye mara nyingi ni mtoto.

Hapa kuna kosa moja la usanifu ambalo nimeliona katika michoro ya wanafunzi wengi, na naliandika kwa msisitizo. Mchoraji huiachia mota ya pili yenyewe kazi ya kutoa parachuti, kwa ile chaji inayolipuka sekunde chache baada ya fueli kuisha. Mota ikikataliwa kuwaka, chaji hiyo nayo haitalipuka, na roketi itashuka kwa kichwa bila parachuti, ikiwa na uzito wote wa fueli ambayo haikuungua. Mbunifu wa namna hiyo ameigeuza salama kuwa ajali, na akiligundua hilo atashawishika kulegeza masharti ili mota iwake kila mara. Parachuti lazima itolewe na sehemu ya saketi inayojitegemea, kwa kufuata kipimahewa, mota iwe imewaka au haikuwaka, na ukubwa wa parachuti ukokotolewe kwa uzito wa roketi iliyobeba mota nzima.

Yapo pia mambo ya ufundi ambayo mafundi redio wa mjini kwetu wanayaelewa kuliko walimu wengi, na shule zingefanya vyema kuwaita. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo inayoiendesha saketi, inapowashwa, kwa muda mfupi volti ya pini zake haiko juu wala haiko chini, na pini inayoendesha transista ya kiwashio ikiachwa hivyo inaweza kuifanya transista ipitishe umeme kabla programu haijaanza kazi. Rezista ya kiloomu 10 kutoka geti ya transista hadi ardhi ya saketi, yaani upande hasi wa betri, huizuia. Betri zinazoshikwa na springi hujitenga na springi zake kwa mchapuko wa kuondoka, umeme hukatika kwa muda mfupi sana, na saketi hujiwasha upya ikiwa angani. Kwa hiyo betri zifungwe na kulehemewa, na saketi yoyote inayojiwasha upya iamke ikiwa katika hali ya kukataa. Kiwashio nacho, kwa muda kinaowaka, huvuta mkondo mkubwa kuliko saketi yote iliyobaki, na betri moja ndogo ikivihudumia vyote viwili, volti hushuka na maikrokontrola huzimika katika wakati ambao inahitajika zaidi, kwa maana parachuti bado haijatoka. Betri mbili tofauti huliondoa tatizo hilo. Mkondo wa kupimia kama kiwashio kimeungana uwe mdogo mara nyingi kuliko ule unaoweza kukiwasha, na fundi asitumie taa ya balbu kupimia, kama wengine wanavyozoea kwenye nyaya za pikipiki.

Kuhusu mpangilio wa uwanjani, chama cha kitaifa cha wapenzi wa roketi cha Marekani kina kanuni ambazo shule zetu zingeweza kuzichukua karibu zilivyo. Saketi yoyote ya kuwasha vitu vya moto ndani ya roketi huwa imezuiwa hadi roketi iwe imesimamishwa katika nafasi ya kuondokea. Roketi hairushwi kwa mwinamo unaozidi nyuzi 30 kutoka wima. Hairushwi katika upepo unaozidi kilomita 32 kwa saa. Kwa vitendo, kanuni ya kwanza ina maana kwamba swichi ya usalama iwe nje ya mwili wa roketi, ifikiwe bila kufungua chochote, iguswe na mtu mzima mmoja baada ya wengine wote kuondoka, na kwamba baada ya roketi kutua swichi hiyo hiyo izimwe kabla ya mtu mwingine kusogea.

Wasomaji wanaotaka jambo hili lipigwe marufuku watauliza kwa nini tuhangaike na haya yote. Jibu langu ni kwamba sehemu yenye mafunzo mengi zaidi haihitaji baruti kabisa. Saketi niliyoieleza inaweza kuundwa na wanafunzi sasa hivi, taa ya LED ikikaa mahali pa kiwashio, na kujaribiwa kwa namna nyingi. Iwekwe ndani ya chupa ya kioo ya lita 1 iliyozibwa vizuri, hewa ivutwe kwa bomba la sindano la mililita 20, na shinikizo litashuka kwa karibu asilimia 2, ambayo kwa hapa Tabora ni sawa na kupanda karibu mita 170. Mwanafunzi ataona kama sharti la mwinuko linafanya kazi bila kutoka darasani. Irushwe ndani ya roketi ya maji, yaani chupa ya plastiki ya soda yenye maji theluthi moja na hewa iliyosukumwa kwa pampu ya baiskeli. Roketi ya maji humaliza msukumo wake katika sehemu ndogo ya sekunde, na mchapuko wake huweza kupita g 16, ambayo ndiyo mwisho wa vihisi vingi vya kawaida, kwa hiyo masharti yaliyoandikwa kwa ajili ya mota yatashindwa kutambua kwamba imeondoka, na wanafunzi watalazimika kuyaandika upya na kueleza sababu. Mimi nauona ugumu huo kuwa neema. Irushwe wima, taa iwake. Irushwe kwa makusudi ikiwa imeinama, kwenye uwanja mtupu, na kumbukumbu ionyeshe kwamba taa haikuwaka.

Shule itakayopita hatua hizo ndiyo pekee iruhusiwe kuomba mota halisi, na hapo nina masharti ambayo sitaki yalegezwe. Mota ziwe za kiwandani, ziingizwe nchini kwa kibali, zitunzwe na mtu mzima aliyeandikishwa, na mwanafunzi au mwalimu yeyote atakayetaka kuchanganya fueli yake mwenyewe azuiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu saketi haiwezi kumlinda mtu dhidi ya mota ambayo nguvu yake haijulikani. Marubani wanaoingia na kutoka katika uwanja wetu wa ndege, ambao hauko mbali na mji, wana haki ya kujua kinachorushwa, hivyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ijulishwe mapema na ikubali kwa maandishi. Kiangazi chote, kuanzia Mei hadi mvua zinaposhika Novemba, asirushe mtu mota yoyote katika wilaya zetu: nyasi za miombo zimekauka, mizinga ya nyuki imetundikwa porini, na mota ya pili inayoangukia huko ikiwa bado inawaka itawaunguzia wafugaji nyuki kazi ya mwaka mzima. Machi na Aprili, nyasi zikiwa mbichi, ndio wakati unaofaa.

Nawaomba pia wanaoandaa maonyesho ya sayansi ya wanafunzi, ya mkoa na ya taifa, watenge meza moja kwa ajili ya saketi hizi, na majaji wapewe ruhusa ya kuzitikisa, kuzigeuza, kuzichomolea betri na kuzirudishia, wakijitahidi kuiwasha taa kwa hila. Saketi ambayo taa yake itawaka kwa hila hizo irudi karakana. Na kwa kuwa ombi la shule moja linaweza kupitia kwa Ofisa Elimu, kwa ofisi inayosimamia mambo ya baruti na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, naziomba ofisi hizo zikubaliane kuhusu fomu moja na zitangaze kupitia ukurasa huu ni ofisi ipi itakayoipokea, mapema kabla ya Machi, ili walimu walio tayari waanze kuijaza.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia,
Tabora